Nyufa kwenye magurudumu ya chuma ya magari ya spoti ya zamani: zinakoanzia na jinsi ya kuzizuia

Shimo kubwa la barabarani hukunja ukingo wa rimu, na mkunjo huo unauona siku hiyohiyo. Ufa unaolitenga gurudumu na gari likiwa mwendoni ni jambo jingine kabisa. Huanza ukiwa mfupi usiofika milimita moja, aghalabu upande wa nyuma wa sahani (bamba la katikati ya gurudumu) ambako hakuna anayetazama, kisha hurefuka kwa kiasi kidogo mno kila gurudumu linapozunguka. Wenye magari haya wengi hulaumu "chuma cha zamani" au wembamba wa bamba. Mara nyingi chuma hakina kosa. Kosa liko kwenye namna gurudumu lilivyobanwa, namna uso wake ulivyotendewa, na mzigo ambao tairi la kisasa limeuongeza. Yote matatu yamo mikononi mwa mwenye gari.

Gurudumu lilivyoundwa

Gurudumu la chuma la miaka ya 1950 na 1960, kama lile la MGA, Triumph TR3 au Porsche 356, lina vipande viwili. Cha nje ni rimu: ukanda wa chuma uliokunjwa kuwa duara, ncha zake zikaungwa kwa weldi, kisha ukapitishwa kwenye roli hadi ukapata kingo mbili za kushikilia tairi na bonde katikati. Cha ndani ni sahani: bamba la milimita 3 hadi 4 hivi lililoshindiliwa kwa mashine hadi likapata umbo, likatobolewa matundu ya nati, tundu la katikati na, kwa magurudumu mengi, matundu ya kupitisha hewa ya kupoza breki. Sahani husukumwa ndani ya rimu kwa nguvu, halafu hushikizwa kwa ribiti, kwa weldi za nukta au kwa weldi fupifupi za kuchomelea.

Kila hatua hiyo huacha mahali dhaifu. Tundu lililotobolewa kwa mashine huwa na ukingo laini upande mmoja na ukingo wenye mikwaruzo upande chuma kilipokatikia. Weldi huacha mkazo uliojificha ndani ya chuma kilichopoa. Kwenye maungio ya sahani na rimu kuna mwanya mwembamba ambao maji huingia na hayatoki upesi.

Jambo ambalo hata mafundi wazoefu huweza kulipuuza ni kwamba sehemu ya sahani inayokaa kwenye habu (kitovu cha ekseli ambacho gurudumu hufungwa) haijatengenezwa iwe tambarare. Kuzunguka matundu ya nati bamba limeinuliwa kidogo, kiasi kwamba gurudumu likiwekwa bila kukazwa, sehemu hizo hazigusi habu. Nati ikikazwa, bamba linashuka na kubaki na mvutano wa springi. Springi hiyo ndiyo inayozuia nati isilegee, kwa sababu stadi (skrubu inayochomoza kwenye habu na kushika nati) ni fupi, haina urefu wa kutosha kuvutika. Kumbuka hili, maana sehemu kubwa ya kinga inatokana nalo.

Mzigo unaochosha chuma

Gari likiwa limesimama, uzito wake unakandamiza gurudumu kutoka chini. Gari likikata kona, barabara inasukuma tairi kwa ubavu, na msukumo huo unaipinda sahani kuelekea upande mmoja. Kwa kuwa gurudumu linazunguka, kila sehemu ya sahani inavutwa, inasukumwa, kisha inavutwa tena, mara moja kwa kila mzunguko. Gurudumu la inchi 15 lenye tairi la milimita 165 lina mzingo wa mita 2 hivi, maana yake ni mizunguko karibu 500 kwa kilomita moja. Katika kilomita 10,000 sahani imepindwa na kurudi mara milioni 5.

August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, alionyesha katika karne ya 19, kwa kupima ekseli za mabehewa, kwamba chuma huvunjika kwa mkazo mdogo sana kuliko ule wa kukivunja kwa mara moja, mradi mkazo huo urudiwe vya kutosha. Alionyesha pia kwamba kuna kiwango ambacho mkazo ukiwa chini yake unaweza kurudiwa karibu bila kikomo. Ndiyo sababu gurudumu lililoundwa vizuri huweza kudumu miaka 60. Lakini kiwango hicho cha usalama kinashuka penye mkwaruzo, penye weldi na penye tundu lenye ukingo mkali. Penye kutu inayoendelea kula, kiwango chenyewe kinatoweka: mkazo wowote, hata mdogo, una siku yake.

Sasa tairi. Kanuni ya kupimia magurudumu maabarani, inayojulikana kama SAE J328 (SAE ni chama cha wahandisi wa magari cha Marekani), hukadiria nguvu ya kupinda kwa kuzidisha uzito ulio juu ya gurudumu na jumla ya vitu viwili: kipenyonusu cha tairi kikizidishwa kwa kiwango cha mshiko, na umbali kati ya mstari wa katikati wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. Mshiko unachukuliwa kuwa 0.7, halafu huongezwa kizidisho cha usalama. Chukua gari la kilo 1,000, kila gurudumu likibeba kilo 250, yaani niutoni 2,450 hivi. Kipenyonusu ni mita 0.31 na umbali ule ni mita 0.02. Kwa mshiko wa 0.7 unapata kama Nm (niutoni-mita) 580. Weka tairi laini la kisasa la mashindano lenye mshiko wa 1.0 na unapata Nm 808. Ongezeko ni asilimia 39.

Asilimia 39 haionekani kuwa ya kutisha, ila uchovu wa chuma hauendi kwa mstari ulionyooka. Kwa bamba la chuma lisilo na weldi, maisha hupungua takriban kwa kipeo cha tano cha mkazo. Hapo gurudumu lililokuwa na maisha ya misimu mitano linabakiwa na mmoja. Penye weldi kipeo ni kama cha tatu, lakini weldi huanza ikiwa dhaifu zaidi, kwa hiyo usijifariji. Na hesabu hii haijaingiza uzito unaohamia magurudumu ya nje gari likiwa konani.

Kwa anayeendesha barabarani tu, dawa ni rahisi: baki kwenye upana wa tairi uliokusudiwa, au karibu nao, na achana na matairi ya mashindano yaliyoruhusiwa barabarani. Rimu ya inchi 4.5 na tairi la 165 ni ndoa ya muda mrefu. Kwa anayeshindana, tairi hilo hana budi kulitumia, basi gurudumu alihesabu kama kitu kinachoisha, sawa na pedi za breki, tofauti ikiwa ni kasi ya kuisha.

Nafasi kati ya stadi nayo ina uzito wake. Porsche 356 za breki za ngoma zilikuwa na stadi 5 kwenye duara la milimita 205. Triumph Spitfire ina stadi 4 kwenye duara la milimita 95.25. Kwa nguvu ileile ya kupinda ya Nm 800, stadi iliyoko mahali pabaya zaidi kwenye duara la 205 inavutwa kwa kiloniutoni 3.1 hivi, na kwenye duara la 95.25 inavutwa kwa 8.4. Spitfire ni gari jepesi, kwa hiyo haifiki huko kwa matumizi ya kawaida. Hata hivyo duara dogo linasamehe kidogo, na ukiligeuza gari la namna hiyo kuwa la mashindano, eneo la nati ndilo la kutazamwa kwanza.

Kubana vibaya, chanzo kikuu

Gurudumu lililobanwa sawasawa haliteseki sana kwenye matundu ya nati, kwa sababu msuguano kati ya sahani na habu ndio unaobeba kazi. Likilegea hata kidogo, sahani inaanza kucheza juu ya habu kwa mwendo usioonekana. Chuma kinasagana na chuma, unga wa rangi ya kahawia nyekundu unatokea, uso unapata vidonda, na kila kidonda ni mlango wa ufa.

Tazama ilivyo rahisi kupoteza mbano. Stadi ya M12 (yenye kipenyo cha milimita 12) ikikazwa kwa Nm 90, nyuzi zake za skrubu zikiwa kavu, inabana kwa kiloniutoni 37 hivi. Ili kufika hapo inavutika kwa urefu usiozidi milimita 0.05. Huo ndio mtaji wote ulio nao, pamoja na ile springi ya sahani. Sasa paka rangi ya unga (inayopuliziwa ikiwa unga kisha kupikwa) yenye unene wa milimita 0.1 kwenye kikalio cha nati, yaani mahali nati inapokaa. Kikalio cha koni yenye pembe ya nyuzi 60 kinazidisha unene huo mara mbili kwa kipimo cha kwenda mbele na nyuma, yaani milimita 0.2. Rangi ikipata joto la breki inalainika na kusukumwa pembeni, na nati inabaki imeshika hewa. Weka na rangi nyingine kwenye uso wa habu, na nyingine nyuma ya sahani. Gurudumu lililopakwa rangi likapendeza, lisilokazwa upya baada ya safari ya kwanza, ni hatari kuliko lile lenye kutu juujuu.

Kukaza kupita kiasi ni kosa la upande wa pili. Bunduki ya hewa ya gereji ya matairi huweza kupita kipimo mara mbili au tatu bila mtumiaji kujua. Bamba kuzunguka tundu linabonyea moja kwa moja, springi inakufa, na ukingo wa tundu unavutika hadi kufungua ufa wa kwanza. Mafuta kwenye nyuzi hufanya vivyo hivyo kimyakimya: kwa torki (nguvu ya kukaza) ileile, nyuzi zenye mafuta hubana zaidi kwa theluthi au hata kwa nusu nzima. Kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari kwa kawaida ni cha nyuzi kavu na safi. Kifuate hicho.

Halafu kuna nati zisizo za gurudumu hilo. Magari ya Uingereza ya enzi hizo kwa kawaida hutumia koni ya nyuzi 60. Porsche na Volkswagen hutumia kikalio cha mviringo kama kipande cha tufe. Nati ya koni kwenye kikalio cha mviringo inagusa kwenye mstari mwembamba tu. Inakaza, torki inafika, kila kitu kinaonekana sawa. Baada ya kilomita kadhaa mstari ule umelika na nati imelegea. Kabla ya kununua nati mpya za kumeremeta, paka kikalio wino wa alama, kaza kwa mkono, fungua, utazame. Wino ufutike kwa mduara mpana. Ukifutika kwa uzi mwembamba, nati hizo si zake.

Kosa la mwisho la mbano halipatikani kwenye gurudumu lenyewe. Ukibadilisha habu au ngoma na kuweka ya gari jingine, hakikisha uso mpya una kipenyo kisichopungua kile ambacho sahani inahitaji kukalia. Habu ndogo huiacha sahani ikining'inia nje ya ukingo wake, na ufa huja kwa umbo la upinde, umeufuata ukingo wa habu kama uliochorwa. Skrubu ya kushikilia ngoma iliyochomoza nusu milimita inatosha kuiharibu kazi yote. Uvimbe wa kutu kwenye uso wa habu vilevile.

Pa kutazama

Ukijua mahali pa kutazama, ukaguzi wa gurudumu moja huchukua dakika chache.

Anza na nyuma ya sahani, kuzunguka matundu ya nati. Nyufa za hapa hutoka kwenye ukingo wa tundu kama miale, au hupita kati ya tundu na tundu. Fuata kwa duara lililo nje kidogo ya nati, pale bamba linapoanza kupinda kuelekea nje. Hilo ndilo pinda linalobeba mzigo mkubwa kwenye kona, na kwa magari yanayoshindana ni mahali pa kuogopwa. Kisha matundu ya hewa: pitisha ukucha kwenye ukingo wake wote, upande wa mbele na wa nyuma. Halafu maungio ya sahani na rimu. Weldi ya nukta huanza ufa pembeni mwake, na ribiti iliyolegea hujitangaza kwa mduara wa kutu na sauti ya kukatika ukiigonga.

Rimu yenyewe hupasuka kwenye pinda la bonde, na tairi likiwa limevaa hulioni. Hapa mpira wa ndani ni adui asiyejulikana. Tairi lisilo na mpira wa ndani huvuja taratibu ufa unapotoboka, na mwenye gari anaonywa. Lenye mpira wa ndani halivuji. Ufa unaendelea kukua huku upepo ukiwa umekamilika. Kwa hiyo gurudumu linalotumia mpira wa ndani lifunguliwe na kutazamwa ndani kila tairi linapobadilishwa, hata kama fundi wa matairi ana haraka.

Gari nalo hutoa ishara. Nati ileile ikidai kukazwa mara kwa mara, ama uso wa kukalia ni mbovu ama bamba limekwisha. Mlio wa kukatika ukiingia maegeshoni kwa mwendo mdogo, vumbi la kahawia linalomwagika kutoka chini ya nati, kofia ya gurudumu inayodondoka bila sababu: yote hayo yanataka jeki, na siku hiyohiyo.

Kuandaa gurudumu upya

Hii ndiyo kazi inayozuia nyufa nyingi, na ndiyo inayofanywa vibaya zaidi kwa sababu lengo la wengi ni rangi.

Ondoa rangi ya zamani kwa dawa ya kuondolea rangi na brashi ya nailoni. Ukilazimika kupiga mchanga, fanya hivyo baada ya ukaguzi wa kwanza, na tumia chembe laini. Chembe nzito huponda uso wa chuma na kuufunika mdomo wa ufa, kisha dawa ya kupimia haipenyi na gurudumu bovu linapita kama zima. Magurudumu mengi "yaliyokarabatiwa" yamepitia njia hiyohiyo.

Kipimo cha rangi inayopenya unaweza kukifanya mwenyewe. Safisha kwa kiyeyushi hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, na acha pakauke kabisa. Paka rangi nyekundu ya kupenya nyuma na mbele ya sahani, kwenye weldi na kwenye bonde la rimu, usubiri dakika 10 hadi 20. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa kilicholoweshwa kiyeyushi kidogo. Usinyunyize kiyeyushi moja kwa moja kwenye gurudumu, kwa sababu kitaiosha rangi iliyo ndani ya ufa. Pulizia tabaka jembamba la dawa nyeupe ya kuvuta rangi nje, na usubiri dakika 10 nyingine. Ufa huonekana kama uzi mwekundu ulionyooka au unaopinda kidogo. Doa linalotawanyika kwa kawaida ni kishimo cha kutu, ila lisafishe na kulipima tena kabla ya kulisamehe. Kwenye mwanya wa sahani na rimu rangi hutoka daima, maana hapo pana uwazi halali. Kipimo hiki hakifai kuhukumu mahali hapo.

Kipimo cha sumaku ni bora zaidi kwa chuma. Karakana za kukagua sehemu za injini na za mashindano huwa nacho. Gurudumu hupakwa rangi nyeupe nyembamba, hutiwa sumaku kwa kifaa cha miguu miwili, na kumwagiwa wino wenye chembe za chuma. Chembe hukusanyika penye ufa, hata ule uliofunikwa kidogo na uso uliopondwa. Sisitiza jambo moja: kila mahali papimwe mara mbili, miguu ya sumaku ikigeuzwa nyuzi 90, kwa sababu ufa unaoelekea upande mmoja na nguvu ya sumaku hauonekani. Kugonga gurudumu kwa nyundo na kusikiliza mlio ni desturi ya zamani; mlio uliozibika ni sababu ya kulikataa gurudumu, lakini mlio mzuri hauthibitishi chochote.

Gurudumu likipita, geukia kingo. Kwa tupa laini ya mviringo, kisha msasa wa 180 na wa 320, ondoa ukali kwenye kingo za matundu ya hewa na upande wa nyuma wa matundu ya nati. Unatafuta mviringo wa milimita 0.5 tu, na mikwaruzo ya mwisho ifuate ukingo, isiukate. Usiguse kikalio cha nati kwa tupa. Kazi hii ya nusu saa kwa gurudumu, kwa maoni yetu, ina faida kuliko kupaka rangi ya bei yoyote. Vishimo vya kutu ndani ya bonde la rimu vinavumilika vikiwa juujuu. Kwenye pinda la sahani, kishimo ambacho ukucha unaingia ni sababu ya kuliweka gurudumu kando, na kukijaza puti ni kukificha tu.

Pima unyoofu kwa saa ya kupimia gurudumu likiwa kwenye habu yenye beringi nzima. Mchezo wa pembeni wa milimita 1 ni mzuri, 1.5 unavumilika kwa magari haya. Ukingo uliokunjwa kidogo hunyooshwa baridi na kupimwa ufa baadaye. Anayetaka kuupasha moto kwa gesi mnyang'anye.

Rangi: praima nyembamba na rangi ya kawaida ya tabaka mbili, ya fedha au ya rangi nyingine nyepesi. Uzuri wake ni kwamba ufa ukifunguka rangi hupasuka nao, na kutu huchora mstari unaoonekana kutoka mbali. Rangi ya unga ni nene na inanyumbuka, hivyo huweza kuufunika ufa kwa muda mrefu. Joto la kuipika, nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, halidhuru chuma hiki, kwa hiyo hoja yetu dhidi yake ni kuficha na unene. Ukiitumia, ziba kwa utepe wa joto vikalio vyote vya nati, uso wa nyuma unaokaa kwenye habu na uso wa habu wenyewe. Mahali hapo pabaki na chuma tupu au praima nyembamba sana. Kupaka kromu magurudumu ya namna hii hatukushauri: tindikali ya kusafishia hubaki ndani ya mwanya wa sahani na rimu na kuula polepole, na tabaka gumu la kromu lina nyufa zake ndogo ambazo chuma cha chini huweza kuzirithi.

Kufunga

Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, na pitisha rula ya chuma juu yake kutafuta vilivyochomoza. Weka gurudumu na uhakikishe limekaa bila kuyumba kabla ya nati ya kwanza. Kaza nati zote kwa vidole, kisha kwa theluthi moja ya torki ukifuata mpangilio wa msalaba kwa stadi 4 au wa nyota kwa stadi 5, kisha kwa theluthi mbili. Shusha gari hadi tairi liguse chini bila kubeba uzito wote, ndipo umalize kwa spana ya torki. Endesha kilomita 80 hadi 100 na ukaze upya gurudumu likiwa limepoa. Nati ikizunguka zaidi ya robo mzunguko kwenye ukazaji huo, usikaze na kuondoka. Fungua utafute kilichokuwa kikilegea.

Magurudumu ya chuma yenye nati moja ya katikati na pini za kusukumia, kama yale ya MGA Twin Cam na Lotus Elan, yana sheria yake. Hapa matundu ya pini ndiyo yanayosagika nati ikilegea, na tundu lililokuwa la duara likawa yai halirekebishiki. Nati ikazwe kwa nguvu yote iliyoagizwa na irudiwe baada ya safari fupi ya kwanza.

Mambo mawili ya kuachana nayo moja kwa moja: rimu iliyokatwa na kupanuliwa kwa kuongezewa ukanda, isipokuwa aliyeifanya ana vipimo vya kuonyesha, na matundu ya ziada ya kupunguza uzito. La kwanza huongeza weldi na kusogeza mzigo mbali na habu. La pili hutengeneza mianzo mipya ya nyufa bila faida ya kupimika. Spesa (kipande cha kusogeza gurudumu nje) kati ya habu na gurudumu haiongezi sana mkazo wa sahani yenyewe, lakini huongeza uso mmoja zaidi wa kulegea na huzitesa beringi na stadi.

Ratiba, na gurudumu lililoshindwa

Gari la barabarani: tazama nyuma ya sahani kila mwaka magurudumu yakiwa yametolewa, na pima kwa rangi ya kupenya kila tairi linapobadilishwa. Gari la mashindano: futa na utazame kabla ya kila siku ya mbio, na upime kwa sumaku kila msimu. Yape magurudumu namba kwa kalamu ya rangi, kamwe si kwa kugonga alama za chuma kwenye sahani, kwa sababu kila alama ni mkwaruzo uliouweka mwenyewe. Andika namba, tarehe na saa za mbio. Viwanja vingi vya mbio huzungukwa kwa mwelekeo wa saa, kona nyingi zikiwa za kulia, kwa hiyo gurudumu la mbele kushoto ndilo linalochoka haraka; likague la kwanza na uliondoe la kwanza.

Gurudumu la historia isiyojulikana, hata likiwa na muhuri mzuri wa kiwanda nyuma, lichukulie kuwa limekwisha kula sehemu kubwa ya maisha yake. Kwa maonyesho na safari za taratibu linafaa. Kwa uwanja wa mbio nunua jipya.

Lililopasuka halichomelewi. Weldi juu ya ufa huacha ncha ya ufa ule chini yake, huongeza mkazo wa kupoa pembeni, na mahali palipochomelewa huchoka haraka kuliko bamba la awali, hata fundi awe hodari vipi. Kutoboa tundu kwenye ncha ya ufa ili usiendelee ni mbinu ya mabamba makubwa yasiyobeba maisha ya mtu. Vua tairi, kata sahani vipande viwili kwa mashine ya kukatia, na ndipo uitupe, kwa sababu gurudumu bovu likiachwa zima pembeni mwa karakana, yuko atakayelipaka rangi na kuliuza.